Miti Niliyoipima Nikiwa Nyumbani

Jorodom, Katesh
Jumapili, baada ya ibada

Martina mwanangu,

Umekwenda Gehandu kumuaga bibi yako, na mama yako amepeleka mahindi mashineni, kwa hiyo nyumba iko kimya na mimi nimepata nafasi. Habari za kufunga sanduku na za watu wa kukaa nao kwenye basi sitaziandika. Mama yako amezisema tangu Jumatatu na umezisikia kuliko ulivyotaka. Mimi nina jambo moja tu, na nimelibeba muda mrefu kiasi kwamba sijui nikilitua nitasimama vipi.

Siku ile ulipoleta barua ya kuchaguliwa chuo cha misitu, niliisoma mpaka chini kwenye sahihi, nikakaa kwenye gogo la kupasulia kuni. Ukaniuliza, "Baba, mbona umekaa?" Nikasema ni miguu. Haikuwa miguu. Aliyetia sahihi ile barua namfahamu. Sasa ni daktari wa elimu na ndiye atakayekufundisha. Mimi nilimjua akiitwa dada Rehema, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyepanda Mlima Hanang akiwa amevaa makoti mawili na bado anatetemeka. Ataona jina letu la Boay kwenye orodha, atauliza unatoka wapi, na utamjibu. Sijui atasema nini baada ya hapo. Pengine hatasema kitu, maana hakuwa mtu wa maneno. Lakini sitaki ulisikie kwake kabla hujalisikia kwangu.

Maisha yako yote nimewaambia wewe na wadogo zako kwamba niliacha kazi ya msitu kwa sababu serikali ilipunguza wafanyakazi. Hawakunipunguza. Nilifukuzwa, na nilistahili.

Wakati huo nilikuwa mlinzi wa msitu wa hifadhi, huu ulio juu yetu. Watu waliniita bwana miti. Baba yangu alikuwa ameshuka kutoka Mbulu kutafuta ardhi, kama wengi wetu, na mimi kupata kazi yenye kofia na buti lilikuwa jambo la kusimuliwa kanisani. Dada Rehema alipokuja na utafiti wake, mkuu wangu alinikabidhi kwake kama msaidizi. Tulichagua kipande cha msitu upande wa juu, ambako miti ya mbao, podo na loliondo, ilikuwa minene, tukapigilia kibati chenye namba kwenye kila mti. Kila mwezi nilitakiwa nipande, nizungushe futi kwenye shina usawa wa kifua, niandike. Kisha nihesabu miche midogo iliyoota kwenye viwanja tulivyovizungushia kamba. Mwisho niende chemchemi, niweke debe, nione linajaa kwa muda gani.

Alitaka kujua kitu ambacho watu wote walikuwa wanabishania: kwa nini maji yanapungua, na msitu unaumizwa na nini. Wengine walisema ng'ombe, wengine msumeno, wengine walisema ni Mungu tu.

Alinifundisha kwa uvumilivu. Siku ya mwisho kabla hajarudi chuoni aliniambia, "Kaka Yohana, kuna siku hutaweza kupanda. Utaumwa, au mvua itakuzuia. Siku hiyo acha nafasi wazi kwenye daftari. Nafasi wazi nayo ni taarifa."

Nikasema nimeelewa. Na kweli nilielewa. Usije ukadhani baba yako hakuelewa.

Utakuwa umesoma shuleni habari za miaka ile baada ya vita, lakini kusoma ni kitu kingine. Duka la kijiji lilikuwa na rafu na muuzaji, basi. Sukari ikija, habari inatangulia, na ukifika foleni imeshazunguka jengo. Watu wazima wenye heshima zao walivaa nguo zilizoshonwa kwa magunia. Mafuta ya taa tuliyapima kwa kizibo. Mshahara wangu ulikuja ulipotaka. Buti zilikwisha, nikapanda mlima na makatambuga ya tairi, na kule juu kwenye ukungu tairi linateleza kama sabuni, hiyo sabuni ambayo hatukuwa nayo.

Na kule tambarare mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa yanazidi kupanuka. Mwezi wa mavuno ukisimama huku juu unaona njano mpaka macho yanachoka, na zile mashine za kuvunia zinatembea humo ndani kama wadudu. Tuliambiwa taifa linahitaji mkate, na lilihitaji kweli. Lakini pale penye ngano palikuwa malisho, na mapito ya ng'ombe ya wafugaji wa Kibarbaigi. Mapito yalipolimwa, ng'ombe walikosa pa kupita, wakasogea huku mlimani, kwenye ukingo wa msitu. Ndivyo nilivyomfahamu Gidamis, mmoja wao.

Tulianza kwa ugomvi. Nilimkuta na ng'ombe ndani ya mpaka, nikamwambia nitamkamata. Akaniuliza kwa utulivu, "Ukinikamata mimi, ng'ombe utawaweka wapi? Kwenye kofia?" Nilikasirika, kisha nikacheka, na yeye akacheka. Tukakubaliana atawapitisha chini, kwenye majani, wasiingie penye miche, na alishika neno lake. Wakati mmoja niliteguka mguu kwenye korongo, peke yangu, na ni yeye aliyenisikia. Alinipandisha kwenye punda wake akanishusha mpaka nyumbani, akakataa hata kuingia ndani kwa sababu ng'ombe walikuwa wanamngoja. Mama yako alimpa kibuyu cha uji. Alikunywa akiwa amesimama.

Halafu ikaja barua ya dada Rehema. Chuo hakina petroli, hakina fedha za safari, utafiti umesimama mpaka hali iwe nzuri. Aliandika: kama unaweza kuendelea kupima, endelea, kama huwezi, sitakulaumu. Niliendelea. Miezi kadhaa nilipanda peke yangu, hakuna gari, hakuna mtu wa kumwonyesha daftari. Nilijivunia. Nadhani hapo ndipo palipokuwa na ufa. Nilipenda sana kuwa mtu ambaye haachi, na mtu wa namna hiyo akichoka hana wa kumwambia.

Wewe ulizaliwa katika miezi hiyo, mwisho wa mwaka wa ukame. Mama yako alikuwa anafua nepi zako kwa majivu, mikono imechanika. Alikuwa anaificha chini ya kanga nisione.

Kulikuwa na mtu anaitwa Kastuli, mpasua mbao, mwenye vijana wake na misumeno. Alikuja hapa mchana kweupe, kwa baiskeli, bila kujificha. Alikuwa na mche wa sabuni, sukari, chupa ya mafuta ya kupikia na blanketi dogo la mtoto.

"Bwana miti," akasema, "nimesikia mama amejifungua. Hongera."

"Ahsante."

"Huko juu baridi kali sana sasa hivi. Na viatu vyenyewe ndiyo hivyo. Pumzika kidogo, ukae na mtoto. Msitu hauendi popote."

Hakuomba chochote. Hakutaja mbao wala msumeno. Nami nilijua, Martina, nilijua kama ninavyojua jina langu. Nikasema, "Karibu chai," nayo chai ilikuwa ya sukari yake.

Naandika hili polepole ili usije ukalipokea vibaya. Sikufanya kwa ajili yako. Kwa miaka mingi nilijiambia hivyo: nilikuwa na mtoto mchanga, ningefanya nini? Lakini ulikuwa umefungwa mgongoni na huna habari na sabuni. Nilifanya kwa sababu nilikuwa nimechoka, na mtu akaja akaniambia kwa sauti nzuri kwamba nimechoka. Hakuna mwingine aliyekuwa amenitamkia hilo.

Mwezi ule sikupanda. Ulipofika mwisho wake nikakaa hapa mezani nikafungua daftari. Miti ile niliijua kama mchungaji anavyojua ng'ombe wake: upi unakua taratibu, upi unanenepa mvua ikinyesha. Nikaandika. Kila mti nikauongezea kidogo. Miche nikaipunguza kidogo, maana ulikuwa mwaka wa ukame na niliona hesabu ikishuka polepole itaonekana ya kweli. Debe la chemchemi nalo nikalikadiria. Kazi ya siku mbili niliimaliza kabla uji haujapoa, na mwandiko ulikuwa mzuri kuliko wa siku nyingine zote, kwa sababu vidole havikuwa na baridi.

Nilijiambia wiki ijayo nitapanda nisahihishe. Mwezi wa pili nikajiambia hivyo hivyo. Mwezi wa tatu sikujiambia kitu.

Gidamis alinifuata mara mbili. Mara ya kwanza alisema, "Bwana miti, kuna msumeno unalia upande wa juu." Nikamjibu nitakwenda kuangalia. Mara ya pili hakusema "bwana miti". Alisema, "Yohana, unasikia?" Siku hiyo upepo ulikuwa unavuma kutoka mlimani, na hata pale tulipokuwa tumesimama, kwenye ua huu, msumeno ulikuwa unasikika. Nikasema, "Nasikia." Aliniangalia, akaangalia blanketi jipya lililoanikwa kwenye kamba, akaondoka.

Maji yakapungua kuliko zamani. Watu wa chini wakalalamika, na kamati ikaundwa kuja kuchunguza. Walikuwa wanaume watano wenye haraka, hawana petroli ya kuzunguka, na hakuna aliyetaka kupanda mlima kwa miguu. Mmoja wao alikuwa amesikia kwamba kuna daftari la utafiti. Nilipoitwa nilikuja nalo kwapani, limefungwa kwenye gazeti.

Walilisoma vizuri. Hilo ndilo lililoniumiza baadaye, kwamba hawakuwa wajinga. Waliona miti mikubwa yote ipo na inazidi kunenepa. Waliona miche inapungua mwezi hadi mwezi. Wakajiuliza: ni nini kinachoacha mti mkubwa na kumaliza mche? Msumeno hauli miche. Ng'ombe ndiye anayekula miche. Hesabu ilikuwa imenyooka kabisa, ila nilikuwa nimeitunga mimi.

Baraza likaitishwa. Wabarbaigi walikaa upande wao, wazee mbele na fimbo zao, na sisi upande wetu. Mwenyekiti wa kamati akasoma matokeo, kisha akanigeukia. "Bwana miti, ndivyo ilivyo?"

Nikasema, "Ndivyo ilivyoandikwa."

Sijawahi kusema uongo wa namna ile, wa maneno ya kweli. Gidamis alisimama. Kiswahili chake kilikuwa kifupi, na mbele ya watu kilizidi kuwa kifupi. Alisema, "Yohana. Sema na habari ya msumeno."

Watu wakanitazama. Kastuli hakuwepo, lakini wawili watatu waliokuwa wanauza mbao zake walikuwepo, na mke wa mmoja alikuwa amembeba mtoto kwenye blanketi la rangi ile ile ya lako. Mwenyekiti akasema, "Bwana miti, kuna msumeno?"

Ningeweza. Nataka ujue kwamba nafasi ilikuja, ikasimama mbele yangu, ikaningoja. Nikasema, "Mimi nimepima miti, haijapungua."

Wabarbaigi walipewa siku chache wahame. Mgambo walikuja wakang'oa miba ya maboma na kuichoma. Ilikuwa kiangazi kikali, na njia za kwenda kwenye maji zilikuwa zimelimwa ngano, kwa hiyo walizunguka mbali. Ndama wengi walifia njiani. Mama yake Gidamis, aliyekuwa haoni tena, walimpandisha kwenye punda yule yule. Hakuifikia mvua. Na ule ukingo wa msitu walioutoka haukukaa hata msimu mmoja bila kulimwa. Tuliulima sisi, watu wa ibada, majirani zangu, na wengine unawaamkia mpaka leo.

Dada Rehema alirudi petroli iliporudi. Alikuja na gari la chuo linalosukumwa ili liwake, akiwa na furaha. Alikumbatia mama yako, alikubeba, alishika daftari kwa mikono miwili akasema, "Kaka Yohana, hakuna mwezi hata mmoja uliokosa! Hakuna mtu nchi hii aliyefanya hivi." Nikamwambia njia imeharibika, tusipande. Akacheka, akafunga kamba za viatu.

Tulipanda. Mimi nilikuwa natafuta maneno kila kona, na kila kona nilisema kona ijayo. Tukaingia mahali penye vibati. Mwanga ulikuwa mwingi mno. Zamani pale ulikuwa unahitaji kusogeza daftari upate kusoma. Sasa jua lilikuwa linafika chini, na mashimo ya kupasulia mbao yalikuwa yamejaa maji ya mvua. Podo na loliondo zote kubwa hazikuwepo. Visiki vilikuwa vya zamani, vimeanza kuota uyoga. Vibati vichache vilikuwa vimetupwa kwenye unga wa msumeno.

Alisimama penye kisiki kimoja, akaokota kibati, akasoma namba, akafungua daftari ukurasa wa mwisho.

"Mti huu uliupima lini?"

Niliangalia uyoga kwenye kisiki.

"Umeandika mwezi uliopita. Umeandika umeongezeka."

"Ndiyo, dada."

"Kutoka ukurasa gani?"

Nilimwonyesha ukurasa. Mkono wangu ulijua bila kutafuta. Akatoa kalamu akapiga mstari kutoka kona hadi kona, akafunua, akapiga mwingine, kurasa zote hizo, kwa utaratibu, bila kubonyeza sana. Nilitamani apige kelele. Alipomaliza akauliza kama kuna mtu mwingine aliyeliona daftari. Hapo ndipo nilipomweleza habari za kamati, na baraza, na Wabarbaigi. Akakaa chini, kwenye majani, hakukalia kisiki.

Kisha akasema, "Mimi nimepoteza utafiti. Wale wamepoteza nini?"

Nikamwambia yote, na habari ya mama yake Gidamis. Akasema, "Basi utaandika. Si mimi, wewe. Kwa mkono wako, na jina lako chini."

Niliandika kurasa mbili, nikazipeleka mwenyewe wilayani. Yule aliyezipokea alizisoma akanitazama kama mtu anayemwongezea kazi. Nikaachishwa. Kastuli alikuwa ameshahamia upande mwingine na misumeno yake. Na wale waliohamishwa hawakurudishwa; waliambiwa shauri lao litaangaliwa upya, na mpaka leo ninapoandika bado linaangaliwa. Ukweli wangu ulifika, mwanangu, ila ulikuta mahindi yameshaota.

Nilipomweleza mama yako kuhusu sabuni, aliinuka akaenda kuteka maji. Siku ya tatu, akiwa anachambua maharage, akasema bila kuinua macho, "Ungeniuliza. Ningeendelea kufua kwa majivu." Hatujalizungumza tena. Ukimwona hapendi mtu kumletea zawadi bila sababu, sasa unajua.

Nilikwenda kumtafuta Gidamis. Nilitembea siku nzima na nusu, nikipita katikati ya ngano, njia ya matrekta, pande zote mbili masuke yamenifika kifuani. Nilimkuta upande wa Basotu, kwenye boma dogo la miba mibichi. Ng'ombe waliobaki ungewahesabu ukiwa umesimama mlangoni. Alinikaribisha kigoda. Nikasema yote, hata mambo aliyokuwa anayajua.

Akauliza, "Na msumeno?"

"Umeondoka."

"Na wewe?"

"Wameniondoa."

Alitafuna majani yake ya tumbaku. Mke wake akaleta maziwa kwenye kibuyu, akaniwekea bila kunitazama. Gidamis akasema, "Mimi sina neno la kukupa leo. Kunywa, halafu uende, ujue njia ni ndefu."

Nikanywa. Niliyamaliza, maana maziwa ya mtu aliyebakiwa na ng'ombe wachache hayaachwi. Nikaenda. Mwaka uliofuata nikarudi, nikamkuta, tukaongea habari za mvua. Nimekwenda kila mwaka mguu ukiniruhusu. Zile safari ambazo mama yako huwaambia nimekwenda kuangalia mbuzi, ndizo hizo. Lile neno hajanipa, nami siku hizi siendi kulichukua. Nakwenda kwa sababu ni mtu ambaye sipaswi kuacha kumtazama usoni.

Sasa wanasema yale mashamba ya ngano yamechoka, mashine zimekufa, huenda yatagawiwa. Wazee wao wanasubiri waone. Sijui.

Martina, unakwenda kujifunza kazi ambayo mimi niliiharibu, na utaijua kuliko mimi. Sina cha kukufundisha kuhusu miti. Ninachokijua ni kidogo na nilikinunua kwa ng'ombe wa mtu mwingine. Namba utakayoiandika itasomwa na mtu asiyejua kama ulikuwa na viatu au huna. Hataiona njaa yako pembeni ya ukurasa. Ataichukua, ataipeleka mbele ya watu, na mtu fulani atahama kwake. Na siku utakapochoka, maana utachoka, hiyo ni kazi ya kuchoka, mwambie mtu. Mwandikie mkuu wako, mwandikie mama yako, niandikie mimi hata mstari mmoja: baba, leo nimechoka, sikupanda. Nitaupokea vizuri kuliko barua yoyote ya kujisifu. Mimi sikumwambia mtu, na aliyekuja kuniambia alikuwa na msumeno.

Na ukiingia msitu wowote na watu wa ofisi, ukaona wanaulizana wao kwa wao, mtafute yule anayepita pale na mifugo. Mwamkie vizuri, hata kama nguo zake zimechakaa. Anajua.

Mwalimu wako nisalimie, kama itafaa. Utapima mwenyewe. Kama atakuwa mkali kwako, usidhani ni kwa ajili yangu. Alikuwa mkali hata kabla. Kama atakuwa mpole kupita wenzako, hapo muulize mwenyewe kwa nini. Wala usinitetee. Nimefikiria sana nikuandikie nini kuhusu kunisamehe, nikaona niache. Hilo utalifanya au hutalifanya kwa wakati wako.

Namsikia mama yako anatua gunia nje, ananiita nimsaidie. Barua hii nitakupa kesho kupitia dirisha la basi, likishawaka na kuanza kutembea. Nimejaribu kujiona nikikupa leo, tukiwa tumekaa sisi wawili hapa mezani, wewe unasoma na mimi nakutazama. Nimeshindwa. Miaka yote hii, na bado mimi ni yule mtu wa barazani. Naomba angalau hilo nilikiri mwenyewe kabla hujaligundua.

Baba yako anayekuombea safari,
Yohana Boay